Mabamba Mawili

Daktari Bugumba alinijia Nyakato na boksi
la mifupa ya plastiki, kumi na miwili,
yote imekatwa palepale, juu kidogo ya kisugudi.
"Fundi Lushinge, nitengenezee mtambo wa kuipinda
mpaka ichoke."
Sijawahi kuombwa hivyo. Watu huniletea
vilivyokwisha kuchoka.

Nilikuwa na mota ya mashine ya kusaga, mnyororo wa pikipiki,
na mizani ya Mwaloni iliyostaafu,
ambayo hadi leo mvua ikinyesha inanuka dagaa.
Nikaunga. Ikanguruma. Jirani akafunga dirisha.

Mifupa sita tuliifunga mabamba yanayotazamana,
moja kwa ndani, moja kwa nje,
kama majirani wenye kesi wanaogawana ukuta.
Sita mingine, bamba la ubavuni na bamba la mgongoni,
yamekutana kona.
Kilo kumi na tano. Juu, chini, juu, chini,
kama mtu anayekula asishibe.

Saa nne usiku umeme ukakatika,
tupo elfu tatu mia moja na nne.
Daktari akataka tuanze upya.
Nikashika mpini, nikazungusha kwa mkono,
nikahesabu kwa Kisukuma ili usingizi usiniibie namba.

Ya kona ndiyo yaliyotangulia kulegea. Hayakuvunjika:
skrubu moja ilitoka taratibu,
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Yanayotazamana hayakutikisika.
Daktari akatabasamu, akaandika.
Kisha, ta! mfupa ukakatika kwa juu,
pale mabamba yote mawili yalipokomea sawasawa.
Chuma kizima. Kiliisha tu, ghafla,
na mfupa ukabaki peke yake na mzigo.

Yeye akapiga mstari chini ya namba.
Mimi nikaokota kipande, nikakitia mfukoni.

Sikumwambia kwamba Kabula ni dada yangu,
yule wa kitanda cha dirishani, wodini kwake,
aliyeteleza kwenye ngazi za mawe kule Igogo, ndoo kichwani.
Sikuthubutu kuuliza amefungwa vipi,
ya kona au ya kutazamana.
Kule kwetu jiwe limekaa juu ya jiwe
tangu babu hajazaliwa, halina hata skrubu moja,
na aliyeanguka ni yeye.

Husemwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Koleo lenyewe hakuna aliyeliuliza.

Jumapili nilimkuta anajaribu kikombe cha uji.
Kikafika kifuani. Kikasita.
Mkono ukatetemeka, uji ukadondokea kanga.
"Usinishike," akasema.
Kikaanza tena kupanda.
Nikatoa kile kipande mfukoni, nikakibana kiganjani,
nikahesabu: moja.

Mizani yangu haisomi kitu
kilicho chini ya kilo.