Mnyiri wa Saba

Mtaa wa Mkwepu, ghorofa ya tatu, saa tano usiku.
Kiyoyozi kinadondosha maji ndooni.
Nimejifunga kanga juu ya suruali,
nimepiga magoti nyuma ya seva
kama mtu aliyechelewa sala.

Kadi moja, milango minane.
Mkia wake, waya mnene unaochanua nyaya nane,
Eliasafi aliubatiza Pweza siku ulipotoka forodhani,
na jina likaganda.
Kila mnyiri umeshika modemu,
kila modemu imeshika laini ya simu,
na laini zote zinafuatana nyuma ya namba moja:
wa kwanza akiwa na mgeni, mlio unasogea kwa wa pili,
wa pili kwa wa tatu,
kama kata ya maji shughulini.

Mchana hakuna tatizo. Mchana wageni hawazidi wanne.
Ni usiku, bei ya simu ikishuka,
sita wakishaketi,
ndipo anayekuja anaangukia kwa wa saba,
naye wa saba anaita. Anaita. Anaita.
Hapokei, wala hasemi kwamba hapokei.
Wa nane yupo pembeni, mzima, taa zinang'aa,
hana kazi,
maana hakuna awezaye kumruka mwenzake kumfikia.

Bi. Ndekirwa wa Upanga amelalamika siku tatu.
Hasemi modemu. Anasema,
"Nagonga mlango wenu, mwanangu,
na ndani nawasikia mnapumua."

Nikaanza na mabawabu.
Yuniksi huuwekea kila mlango bawabu wake, getty;
mgeni akiondoka, anazaliwa bawabu mwingine
papo hapo, bila matanga.
Nikahesabu: wanane, wote macho.
Nikatafuta kufuli lililoachwa na mfu. Hakuna.
Nikaiuliza modemu yenyewe: AT.
Ikajibu: OK.
Nikauliza tena, kwa ukali.
OK.
Naijua OK hiyo. Ni "naam, dada" ya Shukurani
akitumwa dukani, naye hanyanyuki.

Saa sita Eliasafi akachukua koti lake.
"Ni Kampuni ya Simu hao. Siku zote ni wao."
Nikachomeka simu ya mezani kwenye laini ya saba.
Mlio ukaja, mnene, safi.
Safari hii si wao.

Basi nikawabadilishia wagonjwa vitanda.
Modemu ya saba nikaipa mnyiri wa nane: ikapokea
kwa ule ukelele wake wa mbuzi na mvua ya mabati.
Ile ya nane, nzima tangu izaliwe,
nikaipa mnyiri wa saba.
Taa yake ya TR ikazima.
Ikawa bubu.

Pini ya ishirini.
Kazi yake ni neno moja tu,
kompyuta kuiambia modemu: nipo.
Neno hilo lisipofika,
modemu, yenye adabu kuliko watu wengi,
haipokei mgeni wa nyumba isiyo na mwenyewe.

Nikaigeuza plagi chini ya taa.
Pini ishirini na nne za dhahabu na moja ya kijani,
kijani cha hewa ya chumvi ya mji huu
unaokula hata bawaba za masanduku.
Kifutio cha penseli. Tone la spiriti. Pumzi.
TR ikawaka.

Nikazinyanyua sita za mwanzo
zijifanye zina wageni,
nikakaa sakafuni kumngoja yeyote.

Saa saba na dakika tisa, mlango wa saba:
ndekirwa.
Dakika mbili. Baiti elfu nne na kitu.
Barua, labda. Ya nani, si kazi yangu.
Akakata, maana dakika ni pesa,
na bawabu mpya akazaliwa.

Daftarini nimeandika: Mlango 7. Pini 20. Kutu.

Nimeshafika ngazi za chini, harufu ya supu mtaani,
ndipo nikakumbuka wale sita,
bado wanajifanya wana wageni.
Nikapanda tena.