Daima

Saa nane usiku, Ibra, chumba cha mitambo.
Baridi ya eyasi imenivisha shali ya kuswalia.
Ruta zinaamkiana: hujambo, hujambo,
kila sekunde kumi,
Sinaw kwa Mudhaibi, Mudhaibi kwa Bidiya.
Ukinyamaza arubaini, jirani hakuulizi hali;
anakufuta daftarini
na kuanza kuhesabu njia zake upya.

Amri ile niliiandika mimi.
Mstari wa kwanza, sifuri nne, mkwaju, sifuri:
maana yake, chochote usichokijua kwao
usikitupe, nipe mimi.
Wa pili, njia hiyo watangazie majirani wote.
Na mwishoni, Alhamisi jioni, nikiwahi nyumbani,
nikaongeza neno moja: daima.

Bila neno hilo
ruta hutangaza mlango ilio nao.
Ukiiambia daima, itautangaza
hata mlango ukishajengewa ukuta.

Leo wadi imeshuka. Maji yamekula barabara
pamoja na waya wa Maskati uliolala chini yake.
Zahanati tatu zinapiga simu. Vipimo vya damu
vinaletwa Ibra kwa adabu, pakiti kwa pakiti,
na Ibra inasema karibu, karibu,
kisha inavimwaga gizani.
Na Sur ipo! Sur ina waya mzima;
gharama yake tu imezidi kidogo,
basi hakuna aliyeitupia jicho.

Biju yuko Bidiya. Kwao Kollam,
Kiswahili kakiokota kwetu kantini:
"Dada, falaji imekauka,
mbona bado unagawa zamu?"

Nafuta. Herufi tano.
Bidiya inageuza shingo. Sinaw inafuata,
Mudhaibi inasitasita, halafu nayo.
Damu ya mtu nisiyemjua inafika Maskati kwa njia ya Sur,
kama mgeni aliyezungushwa mji mzima.

Nakaa juu ya boksi la nyaya.
Simu yangu ina jumbe kumi na moja:
Chake, Tanga, Mwembetanga.
Tangu mama afe, asiyejua pa kupeleka shida
huileta kwangu: ada, bati,
figo ya Mzee Hamisu.
Nami wote huwajibu, inshallah, ipo,
ilhali mshahara uliisha tarehe tisa.
Wangapi wamekaa kwenye ngazi za hospitali
wakiingoja njia niliyoitangaza?

Naandika: Mwezi huu kwangu hakupiti kitu.
Jaribuni kwa Muhenna, Sur.
(Muhenna naye ana gharama yake:
sharti asifiwe kwanza,
aulizwe hali ya ngamia wake mmoja mmoja.)

Kidole kiko juu ya kitufe.
Nyuma yangu taa za kijani, hujambo, hujambo,
na hakuna hata moja iliyonigeukia.