Mstari wa Arobaini na Mbili

Vitanzi ishirini na vinne. Si kazi kubwa.
Utepe wa upana wa kiganja,
urefu wa kuzunguka kichwa cha Sunnvá,
kichwa ambacho sikukipima:
nilikikisia kwa kofia yake ya posta
iliyoning'inia jikoni siku naondoka Klaksvík.

Mke wangu hugawa barua kwa miguu.
Kofia ya serikali haifiki masikioni,
na upepo wa kwetu haujui kubisha hodi,
huingia sikio la kushoto, hutokea la kulia,
maumivu huyaacha mle ndani, yakae.

Kwa hiyo sufu. Sufu ya kondoo wa kaka yake,
haikuoshwa sana, bado ina mafuta ya ngozi,
bado inanuka mnyama aliyenyeshewa.
Eyðun mpishi akasema kibweta chetu kimegeuka zizi.
Nikamwuliza, na supu yako je?

Shangazi Billa alinifunza nikiwa na miaka saba
na vidole kumi.
Sasa ni tisa; kimoja nilikiachia winchi.
Uzi hupita penye pengo
kama njia iliyochongwa kwa ajili yake.

Zamu ikiisha nakaa juu ya sanduku la spana,
mgongo kwenye bomba la moto,
bahari ya Barents ikitupepeta.
Mbele, mbele, nyuma, nyuma.
Injini inahesabu pamoja nami.
Kila mstari wa sita, msokoto:
vitanzi vitatu navitoa sindanoni, navishikiza kando
kwa kijiti cha kulehemu nilichokipiga tupa hadi kikalainika;
vitatu vya jirani vinapita mbele,
kisha vile vilivyosubiri vinaingia panapobaki.
Ndiyo siri yote.
Mwingine huona kamba.
Mimi naona watu mlangoni, wakipishana.

Kumi na mbili. Kumi na nane. Ishirini na nne.
Wa thelathini na sita niliufunga kwa chai.

Nilipofika wa tisini na mbili
nikauinua utepe kwenye taa kujisifu,
nikaona: msokoto mmoja umeelekea kushoto.
Wenzake wote kulia.
Kati ya kufuma na kufumua kuna silabi moja,
na mistari hamsini.
Nikashika ncha ya uzi.
Nikaiacha.
Sufu iliyofumuliwa haisahau,
hubaki na mawimbi kama nywele zilizotoka kwenye misuko,
nami nilikuwa nimechoka, niseme ukweli.

Februari, nyumbani.
Sunnvá aliuvaa mbele ya kioo, akauvua,
akaupitisha vidoleni polepole
kama anavyopitisha bahasha zisizo na anwani kamili.
Kidole gumba kikasimama.
"Usiku huu kulikuwa na nini?"

Nikasema, usiku upi.

"Huu," akasema, akaubonyeza.

Friji ilinguruma. Sikuwa na pa kutazama.
Nikasema: pampu ya mafuta. Injini ilizima.
Dakika arobaini, labda hamsini,
barafu ikigonga ubavuni,
hakuna aliyepiga kelele, hilo ndilo lililonitisha.
Ilipowaka nikaokota sindano,
mikono ikafuma yenyewe,
sikuitazama.

"Jumapili ile kwenye simu ulisema mambo shwari."

"Nilisema."

Hakulia. Si mtu wa kulia.
Aliuvaa tena, akauzungusha
mpaka lile kosa likakaa juu ya sikio la kushoto,
upande upepo unakoingilia,
akatupia mkoba begani.

Mlangoni akageuka.
"Wangu wa pili ukiufuma," akasema,
"na ukiwa bado una nia ya kunidanganya,
tazama mikono yako."

Nilimwona kupitia dirishani akipanda mtaa
na barua za watu,
kichwa wazi juu, masikio ndani.
Kijiti cha kulehemu kilikuwa mfukoni mwangu,
bado kina nyuzi mbili za sufu.