Picha ya Tisa

Shekuwe dalali alikuja saa saba mchana,
jua limesimama wima juu ya Mkomani,
akapiga picha tisa kwa simu yenye ufa,
bila kuvua viatu, bila kuketi.
"Nyumba ya mawe," alisema, "hujiuza yenyewe."

Haikujiuza.

Miezi minane picha zile zilizunguka
Nairobi, Mombasa, hadi Maskati,
na kila aliyezifungua alizifunga.
Simlaumu. Ya kwanza: beseni la nguo na nusu ya mlango.
Ya pili: choo, kifuniko wazi.
Ya tatu: zidaka za babu,
zilizomla fundi misimu miwili,
zimemwagiwa mwanga wa simu
zikawa ukuta mweupe, mtupu kama sahani.
Ya tano ni makalio ya punda wa jirani.
Mtu mmoja akaandika: "Hii ni nyumba au stoo?"
Mama aliposomewa alicheka, akashika mbavu,
kisha akanyamaza hadi magharibi.
Alizaliwa humo.

Magoti yake ndiyo yaliyokuwa yakiuza.
Ngazi ishirini na mbili, na kila moja aliipa jina la ugonjwa.

Mwezi wa Rajabu akatutoka.
Tukabaki warithi sita na paa moja linalovuja.

Ndipo akaja Zulfa, binti wa fundi saa wa Langoni,
na kamera, na miguu mitatu ya chuma, na swali:
"Jua huingia saa ngapi kiwandani?"
Sikujua.
Ua ule ule nilioanikia nguo miaka arubaini na mitatu,
sikujua.

Siku hiyo hakupiga hata moja. Alitufagilisha.
Tukatoa mitungi ya gesi, televisheni iliyokufa,
kalenda za benki za miaka mitano,
nyaya ambazo hakuna aliyekumbuka zilimulika nini.
Dada yangu akashika brashi azibe ufa chini ya boriti.
"Uache," Zulfa akamwambia.
"Mnunuzi akikuta ufa ambao picha haikumwambia
atatafuta wa pili, hata kama haupo."

Asubuhi yake tukakaa chini, tukangoja.
Saa nne na robo jua likagusa ukuta,
likateremka polepole, kituo kwa kituo,
kama mtu wa magoti mabovu.
Saa tano kasoro lilikwisha ondoka.
Katikati ya hapo Zulfa hakusema neno.

Zidaka alizipiga kutoka ubavuni.
Kivuli kikaingia katika kila ua la chokaa
nikauona mkono wa fundi,
na pale pembeni alipokosea, akarudia.
Daka, wanapoketi wageni kabla ya kukaribishwa,
akaliweka mbele ya picha zote.
"Picha ndiyo hodi," alisema.
"Ukibisha vibaya nani atakufungulia?"

Siku kumi na moja.
Walimu wastaafu wa Voi, mume na mke,
walishuka gatini na begi moja.
Mume aliuliza habari za hati, za maji, za ule ufa.
Mke alipitiliza hadi kiwandani,
akasimama, akatazama saa yake.
Saa nne na dakika kumi.
Hakuna aliyemharakisha.

Jana nilikuwa nikizifuta picha za Shekuwe,
beseni, choo, punda,
hadi ya tisa.
Msana wa chini: giza, mkono ulitikisika,
dari imekatwa, sakafu imelala upande.
Na pembeni kabisa, wayo mmoja
wenye hina ya Idi iliyokwisha fifia,
unatoka kwenye picha mbio.
Mama alikimbia kila kamera
kama anayekimbiza nguo zisinyeshewe.

Haionyeshi chumba. Haiuzi kitu.

Nikampelekea Zulfa.
Akakaa kimya kitambo, kisha akajibu kifundi:
"Mwanga mbaya.
Usiiguse."