PA, KU, MU

Jumanne, kipindi cha pili. Hisabati imeshanitoa jasho
na kuniachia sita juu ya ishirini.
Mwalimu Lusweti anafuta ubao kwa mkono wa sweta,
anaandika kwa herufi kubwa: PA – KU – MU.
Vumbi la chaki linamshukia Mutheu wa dawati la mbele.
Anapiga chafya mara tatu. Darasa zima linahesabu.

"PA," asema mwalimu, "ni mahali unapopajua,
unapoweza kupaonyesha kwa kidole.
KU ni mahali kusiko dhahiri. Huko, pande zile.
MU ni ndani. Ndani ya kitu. Humu.
Andikeni."

Tunaandika. Tuko themanini na wawili,
kitabu kimoja watu watatu,
na ukurasa wa arobaini na saba una doa la githeri
la mtoto aliyemaliza shule zamani.
Ng'ambo ya ukuta kiwanda cha sabuni kimeanza kupumua.
Leo ni harufu ya limau. Jana ilikuwa waridi.

Mimi napenda ngeli, siwafichi.
Wenzangu wanaziogopa kama sindano,
mimi naziona kama nyumba za kupanga:
kila neno na mlango wake,
kila mlango na ufunguo wake,
na hakuna neno linalolala nje.

Ndipo Wesonga akainua mkono, yeye asiyeinuaga:
"Mwalimu, keja iko kwa ngeli gani?"
Tukacheka. Hata mwalimu alionyesha pengo.
"Hilo si neno sanifu, Wesonga. Halina ngeli."
Wesonga akaketi.
"Poa," akasema chini chini. "Kumbe ndiyo maana."

Ndiyo maana nini, hakusema,
lakini sisi wa kando ya mto Ngong hatukucheka tena.
Tingatinga: ngeli ya LI-YA.
Lilikuja Jumamosi kabla ya adhana,
likageuka kwa mama Nyaboke,
likarudi kwetu.

Zoezi la kwanza. Andika kwa wingi:
Nyumba imejengwa.
Nyumba zimejengwa.
Rahisi. Lakini nikatazama tena.
Neno lenyewe halitikisiki. Nyumba moja, nyumba,
nyumba mia mbili na kumi, nyumba.
Kinachobadilika ni kitenzi tu,
yale yaliyozipata.

Zoezi la pili. Tunga sentensi tatu
kwa kutumia ngeli ya mahali.
Mutheu ameandika kuhusu mbuga ya wanyama,
kule kwenye twiga, na hajawahi kufika.
Kuiona tumeiona, mbali, ng'ambo ya uzio.
Nikanoa penseli kwa meno.

PA: Pale palipokuwa na kitanda chetu pana dimbwi.

KU: Baba yuko Mlolongo, au Kitengela,
kule anakotafuta chumba.

MU: Ndani ya begi hili mna sufuria ndogo,
cheti changu cha kuzaliwa,
na kufuli la mlango ambao haupo.

(Ufunguo ninao shingoni, chini ya sare.
Huo sikuuandika. Sentensi ilikuwa imeshakuwa ndefu,
na mwalimu hapendi sentensi za kukimbia.)

Mwalimu anapita katikati ya madawati,
magoti yake yanagonga magoti yetu.
Kwa Wesonga anaweka alama ya kuuliza.
Kwa Mutheu anaandika "Vyema, lakini hati!"
Kwangu anasimama.
Anasoma. Vyema, vyema, vyema: tatu juu ya tatu,
mara ya kwanza tangu muhula uanze.

Halafu haondoki.
Anarudi juu, anasoma tena polepole,
midomo ikitembea kama ya mtoto wa chekechea,
kalamu nyekundu hewani,
anatafuta kosa.

Kosa liko, mwalimu.
Liko huko, mahali kusiko dhahiri.
Humu halimo.