Toa Moja

Kitambulisho cha bibi nilikikuta ndani ya kopo la maziwa ya unga
pamoja na sindano ya cherehani, risiti mbili za karafuu
na jino la mtoto, hatujui la nani.
Plastiki imechanika pembeni. Picha imefifia
hata mtandio na ukuta vimekuwa kitu kimoja.
Namba ndiyo iliyobaki kali, kama imepigwa jana:
mwisho wake nne, moja, saba.

Jina: Time Shoka Hamad.
Kuzaliwa: tarehe mosi Januari.
Nusu ya Kojani imezaliwa siku hiyo,
siku ambayo karani hakuwa na la kuandika.
Tarehe haikuwa na habari. Nikaiacha.

Bibi alitwambia miaka yote, "Mie sina ndugu.
Nimekaa kama dole gumba, pembeni peke yangu."
Tukaamini. Nani humhoji mtu
anayekupepetea mchele?

Ofisini Wete daftari la zamani linanuka mende na mafuta ya taa.
Bwana Subeti, aliyebakisha miezi mitatu astaafu,
alilamba kidole, akafunua, akafunua.
"Namba hizi," alisema, "hazikutolewa kwa kura.
Zilifuata foleni. Ukitaka kujua mtu
alisimama na nani, usisome mstari wake.
Soma wa chini."

Nikasoma wa chini.
Nne, moja, nane: Mize Shoka Hamad.
Kazaliwa Kojani.
Alama ya dole lake chini ya ile ya bibi,
wino umevuka mstari, zimegusana.

Subeti alivua miwani, asiseme kitu.
Nje, mtu alikuwa akigombana na mbuzi.

Nilimkuta Mtambwe, barazani, anachambua karafuu
kwa kugusa tu, macho yamekwisha:
vikonyo kulia, karafuu kushoto.
Nikataja jina. Mikono haikusimama.
"Kafa?"
"Mwezi wa Rajabu."
Vikonyo kulia. Karafuu kushoto.

"Baba aliacha mikarafuu kumi na mitatu
na mabinti wawili. Haigawiki.
Tungetoa mmoja sadaka, ingegawika.
Hakuna aliyetaka kutoa.

"Siku ya vitambulisho nilifika skuli, foleni imepinda mpaka vyooni.
Nikajipanga nyuma ya mtu. Kisogo chake nikakijua,
lile kovu nilimtia mie, kwa kifuu, tukicheza.
Tangu saa mbili mpaka adhuhuri nililitazama lile kovu.
Hakugeuka. Alijua. Angegeukia nini?
Jua lilipokuwa kali alisogea kidogo kushoto,
kivuli chake kikaniangukia.
Sikumshukuru.
Karani akauliza, 'Nyie ni ndugu?'
Kila mmoja akamsubiri mwenziwe aseme."

Nilimuuliza kama kadi yake ipo.
Panya walishaila, alisema, lakini namba anayo.
Akaitaja, tarakimu kwa tarakimu,
taratibu, kama mtu anayevuta uradi,
akanyamaza, halafu:
"Na yake ni hiyo hiyo, toa moja.
Wakiniuliza hospitali, wakiniuliza kwenye pencheni ya wazee,
yangu naitaja kwa mdomo,
kisha moyoni natoa moja."

Nikamtilia kitambulisho mkononi.
Hakupapasa namba, wala picha.
Kidole kilikwenda moja kwa moja pembeni, palipochanika,
kikakaa hapo, kikarudi, kikakaa.
"Hapa palikuwa pakitafunwa," alisema.
"Tangu mdogo yule. Akiwaza, chochote kilicho mkononi
anakitia menoni."