Ukufi

Kabla ya maji, kabla ya chumvi, kabla hata ya kuchochea moto,
mama mkwe wangu Hmingliani alitia mkono guniani,
akatoa ukufi mmoja wa mchele, akaumimina katika kopo la maziwa ya unga
lililokaa juu ya rafu, kando ya picha ya mjomba aliyevaa sare.
Asubuhi ukufi. Jioni ukufi.
Hakufumba macho. Hakusema amina ikasikika.
Mara nyingine alikuwa akimgombeza nguruwe kupitia dirishani
huku mkono ukiendelea na kazi yake.

Alikuwa mashoto.
Kwa hiyo lile neno la mkono wa kushoto kutojua
ufanyalo mkono wa kuume
kwake lilipinduka juu chini,
akacheka peke yake: "Wangu wa kuume ndio mjinga."

Kwetu Thingkhuang, katika milima ya Mizoram,
nyumba zimesimama kwa miguu ya mianzi ukingoni mwa bonde
kama watu waliochungulia wakasahau kurudi nyuma.
Kila Jumamosi Zirtluangi na mdogo wake mwenye kikohozi
walipita na kikapu wakikusanya,
kopo la huyu, kopo la yule:
mchele wa mlimani, mfupi, unaonata;
mwekundu wa bibi Saithangi;
chenga za duka la serikali.
Hakuna aliyeandika nani katoa nini.

Mume wangu Chhuankima alipenda hesabu.
"Kufi mbili kwa siku, kwa mwaka mzima!
Haba na haba, sawa, lakini kibaba ni cha nani?
Mama, tunalisha panya wa kanisa."
"Panya nao wana Mungu," akasema mama,
akaendelea kusugua sufuria.

Ukaja mwaka ule wa mvua.
Barabara ya kwenda Aizawl ilikatika mahali pawili.
Usiku mlima ukateremka
kwa sauti ya mtu anayeburuta kabati.
Ulimkuta Chhuankima njiani. Ulichukua mguu tu,
mguu tu, tulisema, tukishukuru,
lakini ni mguu ule uliokwenda shambani.

Siku ya tisa gunia letu lilibaki gunia.
Koponi mlikuwa na kufi nne.
Nilikuwa nimekwisha kulifungua.
Mama alinitazama. Hakunikataza.
Nikalifunika. Hadi leo sijui kwa nini nililifunika.

Jumamosi Zirtluangi akaja, akalimimina, akaenda.
Jioni akarudi na kikapu mgongoni,
kamba yake ikimkata kipaji cha uso.
Akakitua mlangoni, akasema mvua haijachoka,
akashuka ngazi kabla sijapata neno.

Nikaupika.
Ule wali haukuiva sawasawa.
Chenga zilikuwa uji, wa mlimani umeshikana,
mwekundu wa Saithangi bado unagoma menoni,
na kijiwe kimoja,
hakika cha nyumba ya Darkungi,
maana kijiji kizima hakuna mwingine asiyepepeta.
Chhuankima alitafuna polepole.
Niliona midomo yake ikicheza, akihesabu,
ila safari hii alihesabu nyumba.
Alipofika kwenye kijiwe akakitoa, akakigeuza mwangani,
akakitia mfukoni.

Siku hizi napikia mjini, katika chungu cha umeme kinachojizima chenyewe,
kilichokuja na kikombe chake cha kupimia.
Mama amelala mlimani, upande unaopata jua.
Napima vikombe viwili, kama maelezo yanavyotaka.
Kisha nakiweka kikombe chini,
natia mkono wa kushoto, ambao kwangu ni mzito,
haujazoea kitu.
Mtoto wa jirani wa ghorofa ya chini anauliza, hicho ni kiasi gani?
Nafungua kiganja nimwoneshe.
Punje mbili tatu zinadondoka sakafuni,
naye ameshainama kuziokota.